Miguu ya Katikati ya Benchi la Kijani

Wenzangu mnaolima kahawa na ninyi mnaoinunua, wa Mbozi, wa Ileje, na hata ninyi wa Tunduma mnaoshindana na malori barabarani, nawaomba mkae kidogo niwasimulie. Ila kabla hujakaa, hebu chungulia chini ya hicho unachotaka kukalia. Sisi hatukuchungulia, na nyumba moja ya jirani zangu ilikaribia kuvunjika kwa sababu hiyo.

Naitwa Gwantwa. Ni karani wa mizani katika kituo cha kukusanyia kahawa cha kijiji chetu, upande huu wa Hasamba. Mwaka wa kumi na moja huu napima magunia, na kazi imeniharibu macho. Nikimwona mbuzi naona kilo. Nikimwona bwana harusi naona kilo. Hata mchungaji akipanda mimbarani najikuta nakadiria, Mungu anisamehe. Sifanyi kwa ubaya, ni mazoea tu, na mtaona mbele kwamba mazoea hayo yalikuja kufaa.

Asubuhi ninayoisema ilikuwa ya Julai, baridi yetu ile ya kuvaa sweta mbili, lakini jua lilishapanda na ukungu ulikuwa unaondoka bondeni. Foleni ya kupima haikuwa kubwa. Mbele ya ghala kulikuwa na benchi letu jipya, refu mita tatu, la rangi ya kijani kibichi, lenye harufu ya rangi bado. Tulikuwa tumelizindua mwezi mmoja kabla, kwa ngoma na kwaya. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasubiri wamekaa juu ya magunia yao wenyewe au juu ya mawe. Benchi hilo tulilipenda. Watu walikuwa wanakuja kituoni hata siku ambayo hawana kahawa, wakae tu waote jua.

Katikati ya benchi alikaa Ikupa, mke wa fundi Lusubilo, ambaye wengi tunamwita Mama Sekela kwa jina la binti yake anayesoma bweni Vwawa. Ikupa ni mzaliwa wa milima ya Ileje, mwanamke mnene, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye aliyekuwa anaifanya foleni iende bila watu kugombana. Akikaa pale, hadithi zinaanza, na anayesubiri zamu anasahau kwamba anasubiri. Asubuhi hiyo alikuwa anasimulia jinsi kuku wake alivyotaga ndani ya kiatu cha Lusubilo, na Lusubilo akakivaa.

Walikuwa sita. Akatokea mama Tulinagwe, mke wa Ezron, mwenyekiti wa kamati yetu ya kituo, amebeba beseni lake. Kwetu, kama mnavyojua, mtu mzima hasimami wakati wenzake wamekaa. Ni aibu yao, siyo yake. Ikupa akasema, "Njoo mama, tubanane. Sogeeni, jamani, sogeeni." Wakasogea. Mama Tulinagwe akajipenyeza mwishoni, wakawa saba. Ikupa akarudi kwenye hadithi, akafika pale kwenye kiatu, wote wakaangua kicheko na kuyumba nyuma na mbele.

Benchi likakatika katikati.

Halikukatika taratibu. Ulisikika mlio mmoja, kisha watu saba wakawa chini, miguu juu, na beseni la mama Tulinagwe likibiringika kuelekea barabarani. Hakuna aliyeumia zaidi ya kuchubuka. Lakini kwa kuwa ubao ulikatika katikati, na Ikupa alikaa katikati, ndiye aliyezama kabisa, akabanwa na mbao mbili zilizosimama kama paa la nyumba lililopinduka. Ilibidi wanaume watatu wamvute.

Shadrack, mpakia mizigo wetu, kijana mwenye mdomo, akasema, "Karani, leo mizani yako imehamia huku. Imesoma, ikakataa."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nayaandika haya kwa mkono wangu ili msije mkadhani nilikuwa mtu mwema katika hadithi hii.

Ikupa mwenyewe alijaribu kucheka. Alikuwa anajifuta vumbi kwenye kitenge na kuwaangalia watu mmoja mmoja, kama anayetafuta uso ambao haucheki. Ndipo mumewe akafika anakimbia kutoka karakana yake, ambayo iko hatua chache tu kutoka kituoni. Lusubilo ni fundi mzuri, mwembamba, mpole, mtu wa maneno machache. Akasimama mbele ya zile mbao. Mwenyekiti Ezron, ambaye naye alikuwa kwenye benchi, akiwa bado anajipukuta suruali, akamwambia, "Fundi, kazi yako ni nzuri, ila mkeo ameizidi."

Mimi nilimwona Lusubilo. Aliangalia pale ubao ulipokatikia, akaangalia mke wake, akaangalia watu. Kisha akatabasamu, akasema, "Basi yeye nitamtengenezea la chuma."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Ikupa akachukua kanga yake, akaenda nyumbani bila kusubiri zamu yake. Magunia yake mawili nilimpimia mimi jioni, akiwa hayupo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wa kamati tulilijua siku ile, na wote tulinyamaza.

Kamati yetu ilipoamua kutengeneza benchi, Lusubilo alituambia mapema: benchi la mita tatu lazima liwe na miguu mitatu, yaani jozi mbili za pembeni na jozi moja katikati. "Watu wa hapa wanabanana," alisema. "Nikiwawekea la watu sita watakaa wanane." Tukanunua mbao za paini za kukalia, na mninga wa miguu, mti mgumu uliokauka vizuri. Ukabebwa ukafika. Kazi ikaanza.

Zikabaki wiki mbili kabla ya uzinduzi. Ezron akaitisha kikao. Akasema amesikia kijiji cha jirani walimkalisha mgeni rasmi kwenye kiti cha kuchongwa, chenye mikono na nakshi mgongoni, na picha zikaenda kwenye simu za watu hadi Mbeya. Sisi tutamkalisha mgeni kwenye kiti cha plastiki? Fundi akasema mbao za kiti hakuna. Ezron akauliza ule mninga uliobaki ni wa nini.

"Ni wa miguu ya katikati," Lusubilo akajibu.

"Benchi si lina miguu ya pembeni? Bila hiyo ya katikati halisimami?"

"Kusimama litasimama," akasema fundi.

"Basi miguu ya katikati utaiweka baadaye, baada ya msimu."

Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, na niliandika hivyo hivyo: miguu ya katikati itawekwa baadaye. Mimi, mtu ninayeona kilo hadi kwenye bwana harusi, sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa nafikiria nitavaa nini siku ya picha.

Kiti kikatengenezwa, na kwa kweli kilipendeza. Mgeni akakikalia dakika arobaini, akashukuru, akaondoka. Kiti tukakifungia ghalani na kukifunika na turubai kisipate vumbi. Benchi likabaki nje na watu wetu juu yake.

Siku benchi lilipokatika, watu walipoondoka niliokota kipande kimoja cha ubao. Chini yake, pale pale katikati, niliona matundu manne ya bolti yaliyojazwa unga wa mbao na gundi, yakapakwa rangi. Ni yale ambayo fundi alishayatoboa kwa ajili ya ile miguu. Pembeni yake kulikuwa na fundo kubwa la mti, na ubao ulikuwa umepasukia hapo. Nikayaelewa yote. Nikakirudisha kipande nyuma ya ghala, nikaenda kupika. Nilijiambia ni mambo ya mtu na mkewe, watayamaliza. Hivi ndivyo tunavyojiambia tukiwa waoga.

Hawakuyamaliza. Watoto wa njiani wakaanza kumwita Ikupa "Mkatabenchi." Wakubwa hawakuwakemea, walikuwa wanageuka pembeni wacheke. Jumapili ya kwanza Ikupa hakuja kanisani. Ya pili alikuja, akasimama nyuma ibada nzima, na mtu alipomsogezea nafasi akasema miguu inamuuma akikaa. Ya tatu hakuja tena, wala kwenye jumuiya, wala msibani kwa akina Isaka, ambako yeye ndiye huwa anaongoza wapishi. Kituoni alikuwa anamtuma mtu alete kahawa. Foleni ikawa na ugomvi kila siku, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mimi ni jirani yake, uzio wetu ni mmoja. Nilizoea kusikia kicheko chake asubuhi kabla ya jogoo wangu. Mwezi wa Agosti wote sikukisikia. Nilikuwa namwona Lusubilo akila peke yake barazani, sahani juu ya magoti, halafu anarudi karakana. Hata nyundo yake ilikuwa inalia tofauti, anagonga mara mbili anaacha.

Mwanzoni mwa Septemba, saa nne asubuhi, nilikuwa uani nageuza kahawa juu ya chanja, yaani meza yetu ya kuanikia. Ikupa naye alikuwa anageuza ya kwake upande wa pili wa uzio. Nikamsalimia, akaitika kwa sauti ndogo. Nilipoinua macho tena sikumwona. Nikadhani ameingia ndani. Kisha nikaona mkono wake umelala chini ya chanja, na kahawa imemwagika juu yake.

Niliruka ule uzio. Miaka yangu ni hamsini na mbili, na bado sijui niliurukaje. Tukamfikisha zahanati kwa bajaji. Nesi akampima, akamuuliza anakula nini. Ikupa akasema chakula cha kawaida tu. Nesi akauliza tena, kwa upole, na ndipo akasema: kwa wiki tano anakula mara moja kwa siku, na asubuhi na jioni anakunywa chai ya kupunguza mwili. Alikwenda Tunduma kuuza maharage, akakutana sokoni na mama mmoja wa upande wa pili wa mpaka, mchangamfu, aliyemwambia, "Mulishani, mayo?", yaani habari yako, mama, kwa lugha ya kwao, na kumwonyesha pakiti yenye picha ya msichana mwembamba. Chai hiyo ilikuwa inamharisha kutwa.

"Mwili hauna maji, mama," nesi akamwambia. "Na presha yako imeshuka mno. Ungeendelea wiki nyingine, nisingependa kusema ingekuwaje. Nani alikwambia upungue?"

"Benchi," Ikupa akajibu.

Alitundikiwa dripu hadi mchana. Nilikaa naye. Nikamwangalia yule mwanamke, mashavu yameingia ndani, na moyo ukaniuma kiasi cha kukosa pa kuangalia. Nilitaka kumwambia pale pale, lakini nikaona wa kwanza kusema siyo mimi. Nikatoka, nikaenda karakana.

Lusubilo alikuwa anapiga randa ubao ambao ulishanyooka zamani. Nikamwambia mkewe yuko zahanati, anaendelea vizuri, na nikamwambia sababu. Randa ikasimama.

"Baba Sekela," nikasema, "niliyaona matundu ya bolti."

Akaiweka randa chini. Kisha akasema, "Nilijua nitaiweka miguu ile baada ya msimu. Fundo nililiweka katikati makusudi, kwa kuwa miguu ingekuwa chini yake inalibeba. Halafu miguu ikawa kiti. Nikapaka rangi nikisema litavumilia miezi mitatu." Akakaa juu ya meza yake ya kazi. "Siku ile mwenyekiti aliposema mke wangu ameizidi, nilikuwa na neno mdomoni. Likatoka lingine."

"Na baadaye?"

"Baadaye kila siku likazidi kuwa zito kulisema, Karani."

Tukaenda wote zahanati. Sikutaka kuingia, lakini Lusubilo alinishika mkono wa sweta kama mtoto anayepelekwa kung'olewa jino. Akasimama pembeni ya kitanda, akamweleza mkewe yote: miguu, kiti, fundo, matundu, rangi. Hakujitetea. Na mimi nikasema ya kwangu, kwamba niliandika muhtasari na nikanyamaza.

Ikupa alikuwa anaangalia dripu inavyodondoka. Akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipolipaka rangi."

"Na ile chai. Ulikuwa unaniona nikiinywa?"

"Nilikuwa nakuona."

Machozi yalimtoka Ikupa bila sauti, akayaacha yatoke. Mimi nilidhani atamfukuza, na kama angemfukuza ningemsaidia kufunga mlango. Mwishowe akasema, "Sitaki uniombe msamaha hapa. Hapa hakuna aliyenicheka. Nenda kaseme pale pale, mbele ya wale wale. Ukishasema, ndiyo urudi tuzungumze mimi na wewe."

Alhamisi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku kubwa ya kupima. Watu walijaa. Lusubilo akafika amebeba mabegani kile kipande cha ubao wa kijani. Akakiweka juu ya mizani yangu, mbele ya kila mtu, upande wa chini ukiwa juu, na kuyachokonoa matundu kwa patasi mpaka gundi ikatoka. Kisha akaeleza. Hakuwa msemaji, alikuwa anameza mate kila baada ya maneno matatu, lakini aliyasema yote.

"Bila miguu ya katikati," akamaliza, "kwenye ubao huu ningewakalisha watu wanne, tena nikiwaomba wasitikisike. Nilijua. Mke wangu hakulivunja benchi. Nililivunja mimi nilipolipaka rangi."

Shadrack, ambaye hawezi kukaa kimya hata ibadani, akasema, "Lakini fundi, Mama Sekela naye ni mzito, tuseme ukweli."

Hapo ndipo hasira zangu zilipopanda. Nikasema, "Vizuri, tuseme ukweli. Mizani hii hapa. Waliokaa na Mama Sekela siku ile wapande, mmoja mmoja."

Walicheka kidogo, wakaona sicheki. Mama Tulinagwe akawa wa kwanza kupanda, namshukuru hadi leo. Kisha Ezron mwenyewe, ambaye alijaribu kuvua koti na nikamkataza, kwa sababu siku ile alikuwa nalo. Kisha wanne waliobaki. Nikaandika, nikajumlisha mbele yao, nikasoma kwa sauti: kilo mia nne na tisa.

"Hizo ni zenu sita," nikasema. "Mama Sekela hayumo. Kilo mia nne na tisa juu ya ubao wa watu wanne, halafu jina la Mkatabenchi mkampa mtu mmoja."

Ezron akavua kofia. Ni mtu wa kujisikia kidogo, mwenyekiti wetu, lakini siyo mtu mbaya. Akasema, "Kiti niliking'ang'ania mimi. Fundi alituambia tangu mwanzo." Akaniangalia. "Karani, fungua ghala."

Kiti kikatolewa, turubai likavuliwa. Kilikuwa kinang'aa. Lusubilo akakifungua pale pale, bolti kwa bolti, mikono na miguu na ule mgongo wa nakshi, na mninga ukarudi kuwa mbao. Shadrack ndiye aliyekuwa anamshikia, bila kuagizwa, na bila kufungua mdomo.

Wiki mbili baadaye benchi jipya lilikuwa tayari. Safari hii tulikubaliana halikaliwi kabla halijapimwa, na Lusubilo mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Akafunga uzi chini ya benchi, kutoka mwisho hadi mwisho, ili tuone kama ubao utashuka. Kisha tukapanga magunia ya kahawa, kila moja kilo hamsini, nimeyapima kwa mkono wangu. Benchi ni la watu saba, basi tukaweka magunia mawili kwa kila mtu, jumla kumi na manne, kilo mia saba. Kisha tukaenda kunywa chai na viazi, tukaliacha na mzigo wake hadi adhuhuri.

Tuliporudi, kijiji kizima kiliinama kuangalia uzi. Ulikuwa haujaguswa. Magunia yakashushwa, fundi akapita na kidole kwenye kila kiungo, akakaza nati moja. Ilibaki mtu wa kwanza kukaa, na hakuna aliyesogea. Wote tuliangalia barabarani.

Ikupa alikuja amevaa kitenge chake cha njano. Mashavu yalikuwa yameanza kurudi, na kusema kweli nilifurahi kuyaona kuliko nilivyowahi kufurahia mavuno. Mumewe alishazungumza naye nyumbani, jioni kadhaa, na yaliyosemwa huko ni yao, hata mimi jirani sikuyasikia. Alisimama mbele ya benchi, akapiga magoti, akachungulia chini. Akahesabu kwa sauti, "Moja. Mbili. Tatu." Akashika mguu wa katikati, akautikisa kwa nguvu. Haukutikisika.

Ndipo akakaa, katikati kabisa. Akamwangalia Lusubilo, aliyekuwa amesimama mbali na kofia mkononi, na kumwambia, "Baba Sekela, mbona umesimama? Njoo tubanane."

"Ndaga," Lusubilo akajibu kwa sauti ndogo, neno la kwao mkewe la kushukuru, akaja akakaa.

Tukabanana tisa. Jina lile la Mkatabenchi halikusikika tena, na mtoto mmoja aliyelijaribu alikutana na mkono wa mama Tulinagwe.

Juni iliyopita tulipata mgeni rasmi mwingine. Alipofika akawa anaangalia huku na huku akitafuta kiti chake. Ezron akakohoa, akasema, "Mheshimiwa, kiti chako kiko chini ya hili benchi, kinabeba watu. Karibu ukae nao." Mgeni akakaa kati ya Ikupa na mama Tulinagwe mwenye beseni lake, goti kwa goti. Ikupa akaanza ile hadithi ya yai na kiatu, na nilimwona mgeni rasmi akiyumba nyuma na mbele kwa kucheka. Mimi niliangalia miguu ya katikati, na nikarudi kwenye mizani yangu kwa amani.

Somo tulilolipata pale kituoni

Ndugu zangu, kitu cha watu wote hupimwa kwa jinsi watu wanavyokitumia kweli. Sisi tunabanana, na ni tabia nzuri, tusiiache. Basi anayetutengenezea benchi, ngazi, au jukwaa la kwaya atuhesabu tukiwa tumebanana, tukiwa tunacheka, tukiwa na mabeseni yetu, kisha aongeze. Na kabla ya kulikalia tulipakie magunia, maana gunia likianguka halioni aibu.

Kamati, msichukue mguu wa benchi la wengi mkaufanya kiti cha mtu mmoja. "Tutaweka baadaye" nililiandika mimi kwa kalamu yangu, na najua lilikaribia kumgharimu mtu uhai.

Fundi ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho maneno yatakuwa mazito zaidi, na wakati wewe unayabeba kimya kimya, mwingine anabeba aibu yako mchana kweupe. Na sisi tunaocheka, kitu kikivunjika chini ya mtu mnene, tuangalie kwanza kitu, tusimwangalie mtu. Mwili wake hauna kosa. Ikupa leo ana kilo zake zote, anakula milo yake kwa saa, na asubuhi namsikia kabla ya jogoo wangu.

Basi mkifika kituoni kwetu, chungulieni chini, hesabuni miguu mitatu, kisha kaeni, mbanane.